KUHAMISHA BARUA PEPE ZA ZAMANI: FUNZO NILILOLIPATA KAZINI

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa umma, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu.)



 Nilipopokea mwaliko nilidhani nitaombwa mchango wa saruji, kama ilivyo desturi yetu. Kumbe safari hii nimetakiwa nichangie maneno. Nawahakikishieni, saruji ingekuwa rahisi zaidi.

Wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa Temeke. Nilikuwa nikija shuleni hapa nikitokea Mbagala, nimening'inia mlangoni mwa daladala, konda akitutazama sisi wanafunzi kama magunia yasiyolipa nauli. Hapa nilifundishwa kusoma, kuhesabu na kuandika vizuri tarehe juu ya daftari. Baadaye nilikwenda Chuo Kikuu, nikapata shahada, nikaajiriwa serikalini, nami leo ninaishi Tegeta, upande wa Kinondoni. Lakini katika haya nitakayowaeleza, shahada haikunisaidia sana. Kilichonisaidia ni kuhesabu na kuandika tarehe.

Nimechagua kuzungumzia jambo ambalo pengine litawashangaza baadhi ya wazee: namna ya kuhamisha barua pepe za zamani kutoka mtambo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Nalichagua kwa sababu nililisimamia mwenyewe, nikakosea, na kosa langu likamgharimu mtu.

Historia kwa ufupi

Ndugu zangu, nchi yetu na kompyuta hawakuanza kwa mapenzi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka miaka hiyo. Ajabu ni kwamba barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ilikuwa imekwishatumwa huko Marekani mwaka 1971, na mtaalamu aitwaye Ray Tomlinson. Marufuku ilikuja kulegezwa, kompyuta zikaingia, na kizazi changu kilipoanza kazi katika miaka ya 2000 tulizikuta juu ya meza zikitusubiri.

Lakini tulikuta pia masjala. Wadogo zangu, naomba niwaeleze masjala ni nini, maana ndiyo chuo kikuu changu cha pili. Barua ikiingia ofisini, karani wa masjala huipiga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huipa namba ya folio, huitoboa, huifunga ndani ya jalada linalohusika. Jalada likitoka kwenda kwa ofisa, karani huandika limekwenda kwa nani na siku gani. Likichelewa kurudi, karani hulifuata. Nimemwona mama mmoja wa masjala, mwenye elimu ya darasa la saba, akimsimamia mkurugenzi mlangoni mpaka jalada lirudi.

Barua pepe ilipokuja, hakuna aliyeikabidhi kwa mama huyu. Kila ofisa alikuwa na yake ndani ya kompyuta yake, na nywila kichwani mwake. Tukajiona tumeendelea. Kwa hakika tulikuwa tumeiondoa masjala bila kuweka kitu mahali pake.

Kosa lenyewe

Mwaka 2015 ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, ambayo sitaitaja, iliamua kuachana na mtambo wake wa zamani wa barua pepe na kuhamia mtambo mpya. Niliteuliwa kusimamia uhamisho huo. Tuliandaa orodha ya masanduku ya barua ya watumishi wote, waliopo na waliostaafu. Tulihamisha sanduku moja baada ya jingine usiku, ili kazi za mchana zisikwame. Baada ya wiki mbili masanduku yote yalikuwa upande wa pili. Kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika, nami nikaandika taarifa kwamba kazi imekamilika. Tulinunua soda.

Sanduku la ofisa mmoja aliyestaafu mwaka 2013 lilikuwa na barua 38. Niliiona namba hiyo. Ofisa huyu alikuwa ameshughulikia mambo ya fidia kwa miaka mingi, na barua 38 zisingetosha hata mwezi mmoja wa kazi yake. Niliiona, nikapita.

Hapa sina budi kueleza jambo la kitaalamu, nami nitatumia mfano wa Posta. Mnalifahamu sanduku la Posta. Kuna njia mbili za kulitumia. Ya kwanza: unakwenda na ufunguo wako, unatoa barua zote, unakwenda nazo nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Ya pili: unakwenda Posta, unasoma barua papo hapo, unazirudisha sandukuni, unafunga. Barua pepe nayo ina njia hizo mbili. Ya kwanza huitwa POP3. Programu ya mezani hupakua barua kutoka seva na, ikipangwa hivyo, huzifuta kule zilikotoka. Ya pili huitwa IMAP. Barua hukaa kwenye seva na wewe huzisoma huko.

Ofisi yetu kwa miaka mingi ilitumia njia ya kwanza, maana mtandao ulikuwa wa taabu na nafasi ya seva ilikuwa ndogo. Kwa hiyo barua za yule ofisa hazikuwa kwenye seva hata kidogo. Zilikuwa ndani ya kompyuta aliyokuwa akiitumia, katika faili moja kubwa la programu ya Outlook. Alipostaafu, kompyuta ile ilipelekwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Mimi nilikuwa nimehamisha sanduku tupu, kwa uangalifu mkubwa.

Mzee wa Chang'ombe

Mwaka 2018 alikuja ofisini mzee mmoja, fundi seremala wa Chang'ombe. Karakana yake na stoo yake ya mbao vilikuwa vimepitiwa na mtaro wa maji ya mvua. Uthamini ulifanyika mwaka 2009. Nyumba ililipwa, lakini karakana na stoo havikuwamo katika orodha ya malipo. Mzee aliandika pingamizi. Mtendaji wa mtaa akalipiga picha na kulituma kwa barua pepe kwa ofisa wetu, na ofisa akajibu kwamba limekubaliwa. Mzee aliambiwa hivyo kwa mdomo. Tangu hapo alikuwa akiambiwa njoo kesho, na kesho za ofisi zetu mnazijua.

Nilimwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na nakala ya fomu ya uthamini, picha za karakana na nakala ya pingamizi lake. Zote zilikuwa kavu, safi, zimepangwa kwa tarehe.

Nilitafuta katika mtambo mpya. Hakuna kitu. Nilimwendea mama wa masjala. Jalada la karatasi lilikuwapo, lakini jibu la ofisa halikuwahi kuchapwa na kuwekwa humo. Nilirudi nikamweleza mzee kwamba hatuoni kumbukumbu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu:

"Mwanangu, mimi karatasi zangu nimezitunza kwenye nailoni miaka tisa, na nyumba yangu inavuja. Ninyi zenu mliziweka wapi?"

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na jibu. Siku ile ndipo nilipoikumbuka ile namba 38.

Kutafuta kilichopotea

Tuliifuata ile kompyuta stoo. Kwa bahati ilikuwa bado inasubiri kibali cha kupigwa mnada. Ingechelewa kidogo tu ingekuwa imeuzwa kama chuma chakavu. Hatukuiwasha. Nawasihi vijana mkumbuke hili: diski ya zamani usiiwashe ovyo, maana kila uwashapo mashine huandika juu ya diski. Tuliitoa diski, tukachukua nakala yake nzima, tukaifungia ya asili kabatini, tukafanya kazi na nakala.

Faili la barua tulilikuta, lakini lilikuwa limeharibika. Matoleo ya Outlook yaliyotangulia lile la mwaka 2003 yalitunza barua katika faili lisilotakiwa kuzidi gigabaiti 2. Likizidi hapo huvunjika, kama gunia lililojazwa kupita kipimo. La ofisa wetu lilikuwa limefikia ukomo huo. Programu ya kukarabati inayokuja na Outlook yenyewe ilituokolea sehemu kubwa ya barua, lakini baadhi ya viambatisho vilikatika katikati.

Tulipozihamishia barua hizo kwenye mtambo mpya likazuka la pili. Barua zote zilionekana zimepokelewa siku moja, yaani siku ile tuliyozihamisha. Fikirieni ofisi inamwambia mdai kwamba barua ya mwaka 2009 ilipokelewa mwaka 2018! Lakini barua pepe ina kichwa chake kilichofichika, chenye mistari inayoonyesha iliandikwa lini na ilipita seva zipi, saa ngapi, kama mihuri ya Posta juu ya bahasha. Mihuri ile haikuwa imefutika. Tulifuta tulichokifanya, tukarudia uhamisho, safari hii tukiuelekeza mtambo usome tarehe kutoka kwenye kichwa cha barua.

La tatu lilikuwa la Kiswahili chetu wenyewe. Sisi hatuna herufi zenye vikofia na vimkia kama Wafaransa, kwa hiyo maandishi yetu huhama bila matata. Tunayo alama moja tu ya kuangalia: ile ya juu katika ng'. Kumbe kompyuta ina alama hiyo kwa sura mbili, moja iliyonyooka na nyingine iliyopinda, na programu za kuandikia hupenda kuipinda bila kuulizwa. Katika kuhama, ile iliyopinda iligeuka kuwa vialama vitatu visivyosomeka. Nilipotafuta neno Chang'ombe nilipata sehemu tu ya barua. Nilipotafuta kipande "ombe" peke yake, nikapata zilizobaki, pamoja na barua moja iliyohusu dawa ya kuogesha ng'ombe. Miongoni mwa hizo zilizobaki, lilikuwamo jibu la ofisa: pingamizi limekubaliwa, karakana na stoo viongezwe kwa mujibu wa jedwali lililoambatishwa.

Jedwali lile lilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, wenye vipimo vya karakana, ulifunguka. Ukurasa wa pili, wenye vipimo vya stoo, ulikuwa miongoni mwa vile vilivyokatika.

Mzee alilipwa kwa kile tulichoweza kuthibitisha. Karakana ililipwa. Stoo haikulipwa, kwa sababu mtaro umekwishapita na hakuna awezaye tena kupima kisichokuwapo. Alikuja kunishukuru, na shukrani zile zilinichoma kuliko lawama.

Mambo ya kuzingatia

Tangu siku hiyo nimeshiriki kazi nyingine za namna hii. Serikali yetu nayo imejipanga. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Upo Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, ili barua za umma zisikae katika masanduku binafsi ya watumishi. Tena Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, inayohusu kumbukumbu na nyaraka za Taifa, inaihesabu kumbukumbu kuwa ni kumbukumbu iwe katika karatasi au katika umbo jingine lolote. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 imefungua njia ya ujumbe wa kompyuta kupokelewa kuwa ushahidi, mahakama ikiangalia namna ulivyotunzwa. Kwa maneno mengine, barua ile ya fidia ilikuwa mali ya umma tangu ilipoandikwa. Sisi ndio tuliiona kama mali ya ofisa na kompyuta yake.

Naomba basi niwaachie mambo sita, hasa ninyi vijana mtakaokabidhiwa kazi hizi.

Kwanza, kabla ya kuhamisha chochote, uliza barua zinaishi wapi. Muulize kila mtumishi, na wastaafu wafuate majumbani. Mzee aliyestaafu Tandika atakuambia kwa dakika tano jambo ambalo seva haitakuambia kwa mwaka.

Pili, fanya kazi na nakala, kamwe usifanye na asili. Kila faili lipigiwe hesabu ya uhakiki kwa kompyuta kabla na baada ya kuhama. Hesabu iitwayo SHA-256 hutoa alama 64. Ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili, alama hizo hubadilika. Zikifanana pande zote mbili, nakala yako ni sahihi.

Tatu, hifadhi barua katika muundo ulio wazi, ambao programu nyingi zinaweza kuusoma. Upo muundo wa "mbox", unaounganisha barua nyingi katika faili moja la maandishi, na upo wa EML, ambao kila barua ina faili lake. Barua zilizofungiwa katika muundo wa kampuni moja ni kama nyumba ambayo ufunguo wake anao jirani.

Nne, hesabu. Hesabu barua kwa kila sanduku, kwa kila jalada na kwa kila mwaka, kabla na baada. Namba ikikushangaza, simama. Usinunue soda.

Tano, zifungue. Chukua barua chache za kila mwaka, uone kama kiambatisho kinafunguka mpaka ukurasa wa mwisho, kama tarehe ni ile ile, na kama ng' imebaki ng'.

Sita, mashine ya zamani usiifute wala kuipeleka mnadani mpaka mtu mwingine, asiye wewe, amekagua na kutia sahihi. Na mtu huyo akiwa wa masjala, ndiyo bora. Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali itahamia Dodoma, watu wa masjala walioyafunga majalada hawakuhesabu makabati, walihesabu majalada. Wao hawakuhitaji kufundishwa na mimi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimejifunza kwamba hata daftari lenyewe laweza kupotea bila habari, kama aliyelihamisha hakulifungua.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuondoka hapa nikiwa nimesema ya ofisini peke yake. Chama chetu hiki nacho kina barua pepe. Orodha ya wanachama, ahadi za michango ya maabara, majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, yote hayo yamo katika masanduku ya makatibu watatu waliopita. Mmoja alitumia anuani ya mwajiri wake, na mwajiri huyo si mwajiri wake tena. Mwingine yupo hapa, ananitazama kwa jicho kali, naye nitamwomba radhi wakati wa chakula.

Napendekeza tuunde kikundi kidogo cha wanafunzi wa sasa wanaopenda kompyuta, wasimamiwe na mwalimu mmoja na mmoja wetu, wakusanye barua za Chama kwa ridhaa ya wenyewe. Wachukue za Chama tu, barua za binafsi waziache, maana sasa tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Mwenye sanduku la Google anaweza kuomba nakala ya barua zake zote na kuipata katika muundo ule wa "mbox". Ziwekwe katika diski mbili: moja ikae maktaba ya shule, nyingine kwa Mweka Hazina. Diski hizo nitazinunua mimi. Kazi ya kuhesabu nawaachia wanafunzi, na mkutano ujao watusomee namba: barua ngapi, za mwaka gani mpaka mwaka gani, na zipi hazikufunguka.

Wadogo zangu, mtaajiriwa, na siku moja mtapewa kazi ambayo mashine itawaambia imekwisha. Siku hiyo mkumbukeni mzee wa Chang'ombe na mfuko wake wa nailoni. Bado yupo. Karakana yake mpya ni kibanda kidogo kando ya njia, na mbao zake huzilaza nje chini ya turubai. Mvua ikinyesha usiku, mimi kule Tegeta huamka.